Litakuja Mbele

Mchwa walianza na droo ya O. Kwetu ukingoni mwa ziwa, majina mengi ya Kijaluo ya wanaume huanza na O, hivyo droo ya O ni karibu nusu ya wanaume wote, kama droo ya A ilivyo karibu nusu ya wanawake, kwa hiyo mchwa akianza hapo hajachagua vibaya. Nililijua jambo hilo tangu miaka ya themanini, nilipoajiriwa kupanga kadi za wagonjwa katika ofisi ndogo ya Kisumu iliyosimamia zahanati chache za pwani ya ziwa. Nilizipanga kwa herufi, kisha kwa mwaka, kisha kwa kijiji. Nilijifunza mapema kwamba kadi iliyowekwa pasipo pake ni kadi iliyopotea, hata kama imo ndani ya chumba hicho hicho.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, kadi zilianza kuhamia kwenye kompyuta, nami nikahama nazo. Kila zahanati ilipangiwa seva moja, yaani kompyuta kubwa inayokaa kwenye kona na kuhudumia nyingine. Kisumu tulikuwa nayo, Asembo Bay wakapata yao, na Port Victoria walikuwa wa mwisho kwenye foleni. Mchwa ndio waliowasogeza.

Muuguzi mkuu wa Port Victoria tulimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa na alikuwa na watoto wanne. Wiki moja alitokea ofisini amebeba katoni ya sabuni kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na kadi za watu wanaotibiwa kifua kikuu, au kilichobaki. Nyingine zilikuwa na jina bila tarehe, nyingine tarehe bila jina, na chini kulikuwa na vumbi la udongo mwekundu.

"Nilisema tangu mwaka jana kabati iwe ya chuma," akasema, bila kunisalimia. "Sasa watu wangu wa kifua wanakuja Alhamisi ijayo. Nitawaambia nini?"

Nilielewa swali lake. Mgonjwa wa kifua kikuu hunywa dawa za aina moja miezi miwili ya kwanza, kisha dawa hubadilika kwa miezi inayofuata. Muuguzi asipojua mtu yuko wiki ya ngapi, atambadilishia mapema au atamchelewesha, na ugonjwa ule hausamehe kubahatisha. Wagonjwa wenyewe wengi hawakuhesabu. Walihesabiwa na kadi.

Tulikaa siku tatu. Yeye alisoma vipande vya kadi akivilinganisha na daftari lake la kila siku, ambalo mchwa hawakulifikia, nami nikapiga chapa. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. "Huyu alianza siku ile mvua ya mawe ilianguka," alikuwa akisema, nasi tukifungua ukurasa wa siku hiyo tunamkuta. Tulipomaliza, watu wote walikuwa kwenye disketi moja, na nikatengeneza nakala ya pili.

"Nichapie karatasi nibebe," akasema Sista.

"Haina haja," nikamwambia. "Jumatano nakuja kuweka seva. Itachapa yenyewe pale pale, na hutategemea Kisumu tena."

Akafunga katoni. Neno hilo, haina haja, lilikuja kunikaa kooni kama mwiba wa ngege, samaki wa ziwani kwetu.

Sasa nieleze jinsi seva ilivyokuwa ikiwekwa, maana kosa liko hapo. Mashine mpya haina kitu. Unaweka msingi, halafu unaunda watumiaji, yaani majina ambayo mashine itayatambua kuwa na ruhusa ya kuingia. Halafu unaweka daftari la wagonjwa, ambalo lazima limilikiwe na mmoja wa watumiaji hao. Halafu printa, halafu fomu za kuandikia. Mwanzoni fundi wetu alifanya yote hayo kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, siku nzima. Baadaye akaziandika amri za kila sehemu mahali pamoja ili mashine ijiwekee yenyewe: unaingiza disketi, unabonyeza, unakwenda kunywa chai. Orodha ile inayoita sehemu moja baada ya nyingine tuliibatiza Nyapara, kwa sababu ilifanya kama wanyapara wa zamani kule bandarini. Ilisoma majina kwa sauti kubwa. Kama aliyeitwa alifika kazini au hakufika, halikuwa shauri lake. Iliita anayefuata.

Fundi huyo alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu wa familia iliyoishi Kisumu tangu siku za babu yake, aliyekuja na reli kutoka pwani. Kiswahili chake kilinyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Changu kilikuwa cha mtaa wa Kondele, nilichookota sokoni huku kinywa kimejaa Kidholuo cha nyumbani, na hakuchoka kunitania.

"Dada, hiyo ngeli umeipata wapi?"

"Soko la Kibuye, Bwana Fundi. Walikuwa wanauza tatu kwa bei ya mbili."

Yeye aliandika amri za kila sehemu. Kazi ya kupanga ipi iitwe lini alinipa mimi. "Wewe ndiye mtu wa mpangilio," alisema, na nilijivuna. Aliniachia karatasi yenye maelezo mafupi kwa kila sehemu. Mbele ya sehemu ya daftari aliandika maneno mawili: *Litakuja mbele.*

Nikaliweka mbele. Nikalitanguliza kabla ya watumiaji, kabla ya fomu, mara tu baada ya msingi. Tukajaribu Kisumu, ikakubali. Tukajaribu Asembo Bay, ikakubali. Baada ya mara mbili hizo nilimwamini Nyapara kuliko nilivyoiamini saa yangu.

Jumatano ile nilifika Port Victoria asubuhi, na disketi zote mbili zilikuwa kwenye mkoba wangu. Kubeba nakala zote mbili niliona ndio usalama. Seva ilikuwa imetangulia kwa gari la ofisi, nayo ilisimama kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, juu ya meza iliyowekwa miguu yake minne ndani ya mikebe ya mafuta machafu. Mchwa walikuwa wamemfundisha Sista.

Nilibonyeza, nikakaa kitako. Kioo kikaandika: Msingi, tayari. Daftari, tayari. Watumiaji, tayari. Fomu, tayari. Printa, tayari. Nikampigia kelele Sista aje aone. Nikaingiza disketi ya wagonjwa, nikaiagiza seva ichape orodha. Printa ilikoroma, ikasukuma karatasi. Juu palikuwa na kichwa cha habari kilichonyooka vizuri, *Wagonjwa wa Kifua Kikuu*, chini yake mistari, na chini ya mistari hapakuwa na mtu hata mmoja.

Sista aliishika karatasi ile, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Wamepona wote?" akauliza.

Sikucheka, naye hakutabasamu. Ilikuwa saa nne na nusu. Wagonjwa wangeanza kuingia kesho yake saa mbili.

Zahanati haikuwa na simu. Nilikwenda posta, nikasimama kwenye foleni nyuma ya wanawake wa samaki waliokuwa wakiwapigia simu wanunuzi wa Kisumu, na zamu yangu ilipofika nikampata fundi. Kwanza alitaka kujua hali ya hewa. Nikamwambia hewa ni nzuri ila daftari ni tupu.

"Watumiaji wapo?"

"Wapo."

"Waliundwa kabla ya daftari au baada?"

"Baada. Si uliandika daftari likuje mbele?"

"Niliandika litakuja mbele."

"Ndiyo. Nimeliweka mbele."

"Mbele, dada. Huko mbele. Mbele ya safari."

"Mbele si ndio mwanzo?"

"Mwanzo upo nyuma yako, ushaupita. Mbele ni unakokwenda."

"Bwana Fundi, mbele ya kula unanawa mikono ama hunawi?"

"*Kabla* ya kula."

"Huko kwenu ni kabla. Huku kwetu tunanawa mbele."

Nyuma yangu mwanamke mmoja wa samaki akamwambia mwenzake, kwa Kidholuo na bila kupunguza sauti, kwamba madam huyu anagombana na mume wake kuhusu nani atangulie kula. Wenzake wakaniangalia kwa huruma. Nami niliona wazi nilichofanya. Yeye alisema mbele akimaanisha baadaye. Mimi nilisoma mbele nikaelewa kwanza. Neno moja, na kila mmoja wetu alikuwa sahihi nyumbani kwao.

"Lakini Kisumu ilikubali," nikasema. "Na Asembo."

"Kisumu na Asembo niliwaunda watumiaji kwa mkono mwaka jana. Daftari lilipowahi, liliwakuta wenyewe wapo. Hiyo ya kwako ni mpya, tupu kabisa. Daftari limefika limekosa mwenyewe, likasimama mlangoni."

"Na Nyapara anasema tayari."

"Nyapara anasema ameita."

Aliniambia nibadilishe mpangilio nianze upya. Kisha sauti yake ikapungua ukali. "Disketi za wagonjwa ziko wapi?"

"Ninazo."

"Zote?"

"Zote."

Nakala moja ingebaki Kisumu, angeichapa na kuituma kwa basi, lakini aliaga bila kunikumbusha hilo. Ningependelea anitanie.

Nilirudi nikabadilisha: watumiaji kwanza, daftari likafuata. Nikarudia, na safari hii ikawa mbaya zaidi, maana lile daftari la kwanza lisilo na mwenyewe bado lilikuwepo, na jipya lilipofika likakuta kiti kimekaliwa. Nikafuta kila kitu, nikaanza tena. Daftari likakaa, lakini fomu zikagoma, kwa sababu printa ilikuwa bado chini yao na fomu zilitaka kujua printa ni ipi. Nilipoipandisha printa, ilitaka mtumiaji ambaye aliundwa ndani ya sehemu ya fomu. Kila nilipomvuta mmoja, mwingine alianguka. Na kila mara kioo kiliandika tayari, tayari, tayari. Mimi, niliyepanga kadi kwa miaka zaidi ya kumi, nilikuwa nimekaa mbele ya mistari mitano nisiyoweza kuipanga.

Saa nane hivi alikuja mama aliyefagia zahanati. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono mirefu na hasira ya siku nyingi. Mvua za Machi zilikuwa zimeanza. Kutoka dirishani niliona mashamba ya jirani yamekwisha kulimwa na mengine yameanza kutoa kijani.

"Mama, wewe umemaliza kupanda?" nikamuuliza, kwa kutaka tu kuondoa macho kwenye kioo.

"Mimi? Hata mbegu moja." Akasukuma fagio chini ya meza yangu. "Mvua inanyesha bure. Mikayi ameenda kwa binti yake kule Siaya, amekaa huko kama bibi harusi."

Mikayi ni mke wa kwanza. Mimi ni Mjaluo, nilijua, lakini nilikulia mjini, nikaijua desturi ya kupanda kama mtu anavyojua wimbo bila maneno. Katika boma lenye wake kadhaa, mke mkubwa hupanda kwanza. Wa pili, nyachira, hawezi kutia mbegu ardhini kabla yake, wala wa tatu kabla ya wa pili. Kupita zamu hiyo ni kuiletea nyumba balaa.

"Kwa hiyo wewe ni wa ngapi?"

"Sijui wa ngapi," akasema. "Wakati nimeolewa nilikuwa wa tatu, nyachira akaondoka, akarudi. Ile mimi najua ni nangoja nyachira. Nyachira anangoja mikayi. Jembe ya nyachira ikiingia chini, yangu inafuata."

"Na mikayi asiporudi?"

"Tunangoja. Na tunasema tunangoja. Hata mzee anajua, hata jirani anajua. Nani anaweza sema amepanda na hajapanda?" Akasimama, akaegemea fagio. "Lakini si lazima apande shamba yote, Madam. Akuje tu achimbe shimo tatu nyuma ya nyumba, atupe mbegu. Hiyo inatosha. Sisi tunaendelea."

Alitoka na vumbi lake. Nikabaki nimeshika kalamu.

Mimi wale watano wa Nyapara nilikuwa nimewapa wote namba. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama kadi kwenye droo. Lakini hakuna aliyehitaji namba. Alichohitaji kila mmoja ni kujua anamngoja nani, na kukagua kama huyo amefika, na kama hajafika kusimama na kusema wazi kwamba anangoja. Namba zingebadilika kila nilipoongeza sehemu mpya. Anayengojwa habadiliki.

Nikachukua karatasi, nikaandika majina matano yaliyotawanyika, si kwa mstari. Daftari linangoja watumiaji. Fomu zinangoja daftari na printa. Printa inangoja watumiaji. Watumiaji wanangoja msingi. Yule mtumiaji aliyejificha ndani ya fomu nikamtoa, nikamweka na wenzake. Hakuhitaji kuwa na kila kitu chake tangu mwanzo. Jina tu na ruhusa moja, mashimo yake matatu nyuma ya nyumba, yangetosha wengine waendelee. Nilipochora mishale kutoka kwa kila mmoja kwenda kwa anayemngoja, mpangilio ulijitokeza wenyewe kwenye karatasi, na hapakuwa tena na aliyemngoja mtu anayekuja baada yake.

Kisha nikaandika juu ya kila sehemu mistari miwili ya amri. Wa kwanza uliuliza: ninayemngoja yupo? Wa pili ulisema: kama hayupo, simama, andika jina lake. Niliifuta seva mpaka ikawa tupu kama ilivyotoka kwenye boksi lake. Kabla ya kuwasha, nikafanya kitu cha ziada: nikaharibu mpangilio makusudi, nikaliweka daftari kabla ya watumiaji kama lilivyokuwa asubuhi. Nikabonyeza.

Kioo kikaandika: *Daftari linangoja watumiaji.* Kikasimama.

Sijui kama nimewahi kuifurahia sentensi ya kukataliwa kama ile. Niliirekebisha, nikabonyeza tena. Msingi, watumiaji, daftari, printa, fomu. Safari hii kila tayari ilikuwa na kitu nyuma yake. Niliingiza disketi ya wagonjwa polepole, kama mtu anayempa mgonjwa kijiko cha kwanza cha uji. Printa ilikoroma. Kichwa cha habari kikatoka, kisha mstari, kisha wanawake wa A, kisha jina linaloanza na O, na O jingine, na O jingine, ukurasa mzima wa O, na kando ya kila jina wiki yake.

Nilimwita Sista. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini akiitikia kwa kichwa kila alipomfikia mtu anayemjua, na alikuwa anawajua wote. Alipofika mwisho akavuta kiti, akakaa, akavua viatu.

"Chapa nyingine," akasema. "Na nyingine ya kuweka nyumbani."

Nikachapa tatu.

Alhamisi nilibaki makusudi. Wa kwanza kuingia alikuwa mwanamke wa makamo anayekausha samaki kwa moshi. Harufu ya kuni ilifika kabla yake. Aliketi akamtazama Sista usoni.

"Mimi niko wapi sasa?"

Sista akafuata mstari. "Umemaliza miezi miwili. Leo dawa yako inabadilika."

"Hata mimi nilihesabu hivyo," akasema yule mwanamke, "lakini nilikuwa nangoja uniambie." Alichukua dawa zake mpya, akazifunga kwenye ncha ya leso, akaondoka. Sista alinitazama juu ya miwani, na mabega yangu yakashuka kutoka mahali yalipokuwa yamekaa tangu jana yake saa nne na nusu.

Kabla ya saa sita mama wa kufagia alikuja mbio, akaliacha fagio limelala katikati ya baraza, jambo ambalo Sista hakulivumilia kwa mtu mwingine yeyote. Mikayi alikuwa amerudi. Alikuwa ameshuka na nguo zake za safari, hajaingia hata ndani, akachimba mashimo yake matatu nyuma ya nyumba. Nyachira alikuwa ameshashika jembe.

"Enda," Sista akamwambia. "Hapa patafagiwa kesho."

Niliporudi Kisumu nilimpa fundi karatasi yangu yenye mishale. Aliisoma mara mbili, akimfuata kila mmoja hadi kwa anayemngoja, akatafuta mahali pa kunikosoa ngeli asipate.

"Hii ni nzuri kuliko yangu," akasema mwishowe. "Nani kakufundisha?"

"Mke wa tatu."

"Wa nani tena?"

Nilimsimulia. Alicheka mpaka akalazimika kuketi, kisha akachukua ile karatasi yake ya zamani, akalitafuta neno mbele popote lilipokuwa, na akalikata kwa kalamu nyekundu, moja moja, mpaka akalimaliza. Tangu siku hiyo hakuna kati yetu aliyeliandika tena kazini. Na kila nilipokwenda kuweka seva popote ukingoni mwa ziwa, kwanza nilichapa orodha kwenye karatasi, nikaiacha nakala moja ya disketi ndani ya kabati la Kisumu. Kabati hilo lilikuwa la chuma.